Safari ya Kaskazini, Jumamosi Asubuhi

Viza hazikutoka.
Mwalimu Jumwa aliisoma barua mara mbili,
ya pili polepole, kama imla,
akaikunja, akaibana ndani ya kamusi.
Tulikuwa tisa, juu ya duka la vyuma pale Ngala,
mwaka mzima, Jumanne na Alhamisi jioni,
mwaka mzima wa mchango katika kopo la maziwa ya unga.

"Jumamosi, saa moja," akasema. "Mje na masweta."

Sweta, Malindi!
Bwanaheri aliazima la bawabu wa benki.
Nyevu akaja na koti la marehemu babake,
aliyechuma majani chai Limuru.
Mimi, muuza misumari,
nikajizungushia shuka mbili na taulo.
Watu wa Barani walidhani tumetoka kuaguliwa.

Posta ikawa Aomori.
Kwa Mama Dzendere tulinunua tufaha tisa,
tukahesabu: hitotsu, futatsu, mittsu,
naye akahesabu chenji kwa Kigiriama, hakukosea.
Mwalimu, aliyeishi kule mwaka na nusu,
akasema tufaha za huko huvishwa mifuko ya karatasi
zingali mtini, moja moja,
kama watoto wanaopelekwa bweni.
Hatukuamini. Tukaandika.

Mfereji nyuma ya soko: kawa, akasema, ni mto.
Kwetu kawa hufunika wali.
Mwavuli wa muuza kadi za simu: kasa.
Kwetu kasa hutaga mchangani, usiku, huku analia.
Asumini nyweleni mwa mpita njia: hana, ua.
Salame, ambaye mumewe yuko Doha mwaka wa nne
na simu haishiki,
akarudia taratibu: hana, hana.
Hakuna aliyecheka.

Kwenye kiwanda cha barafu mlinzi alituzuia.
"Mnatoka wapi?"
"Hatutoki. Twaenda."
"Wapi?"
"Japani. Kaskazini."
Akazitazama shuka zangu, akakuna kidevu,
akapokea mia mbili, akavuta komeo.

Mlango mzito ukajifunga nyuma yetu, *bu*.
Taa moja.
Changu na kolekole kwa safu, macho wazi,
kama abiria wa treni ya usiku.
Pumzi zetu zikatoka, zikaonekana!
Bwanaheri akajaribu kuishika yake.

Mwalimu akaparuza ukuta kwa rula,
unga mweupe ukamwagika.
"Yuki," akasema kwa sauti ndogo,
kama mtu anayekujulisha kwa nduguye.
Tukaipokea viganjani.
"Yuki," tukasema,
nayo ikaisha kabla ya neno.

Samui: mwaka mzima tulilitamka kama sumu.
Sasa meno yenyewe yalilipigia nukta.
Nilitaka kumwambia nasikia baridi, kwa sarufi kamili,
kiima, kiarifa, adabu mwishoni,
lugha zikagongana mdomoni, nikapata mbili tu:
"Mimi... samui."

Mimi, kwao, ni sikio.

Mwalimu akanitazama,
akavua mtandio wake, akanifunga masikio,
akacheka, mara ya kwanza tangu barua.
"Sahihi," akasema. "Kote kuwili."

Nje, jua lilikuwa limetusubiri.
Miwani ya Salame ikajaa ukungu, akaiacha hivyo hivyo.
Koti la Limuru likanuka samaki.
Nyevu alichota yuki katika chupa ya chai,
akapanda tuktuk hadi Muyeye, kwa mamake.
Walipofungua, ni maji, yana shombo kidogo.
"Ndiyo Japani hii?" mama akauliza,
akayamwagia mchicha.

Jumanne tulirudi, wanane;
Bwanaheri alikuwa na mafua.
Sura ya kumi na mbili: Kituoni.
Samahani, treni ya kwenda kaskazini
huondoka saa ngapi?
Tukarudia pamoja,
kisha mmoja mmoja.